Marafiki wametuma nyimbo kumi, wewe ndiye jaji: namna ya kusikiliza na kutoa alama

Kila tunapomwingiza mtu mpya kwenye shindano letu la nyimbo, maswali huwa ni yale yale. Nisikilize mara ngapi? Nimpe sifuri rafiki yangu kweli? Wimbo nisioelewa lugha yake niupimeje? Nikiutambua ni wa nani nifanye nini? Nimeyajibu kwa meseji za sauti mara nyingi sana, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Kwa asiyelijua shindano lenyewe: kundi la marafiki, sisi tuko kumi na mmoja, linachagua mada. Kila mmoja anatuma wimbo mmoja unaoendana na mada hiyo, bila jina lake kuonekana. Nyimbo zinawekwa kwenye orodha moja, watu wanasikiliza kwa siku kadhaa, kila mtu anazipa alama nyimbo za wenzake, kisha majina yanatajwa. Wapo wanaotumia programu ya Music League, ambayo inapokea nyimbo na kuhesabu kura yenyewe. Sisi tunatumia kundi la WhatsApp na daftari, maana mmoja yuko Tanga, wengine Nairobi, mwingine Muscat, na si wote wenye akaunti ya huduma moja ya muziki. Vyovyote mtakavyofanya, kazi ya jaji ni ile ile.

Na kazi hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtu anayekutumia wimbo anakutolea kitu alichokitunza, pengine miaka. Deni lako la kwanza kwake ni kuusikiliza wote. Alama zina zamu yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mada, iliyoandikwa neno kwa neno. Usitegemee kumbukumbu.
- Muda. Nyimbo kumi za dakika nne au tano ni kama dakika 45. Utazisikiliza mara mbili, hiyo ni saa moja na nusu. Kukiwa na taarabu au dansi ndefu, weka saa mbili, na uzigawe kwa siku mbili.
- Hedifoni au spika moja, hiyo hiyo kwa nyimbo zote. Kusikiliza tano kwenye spika ya sebuleni na tano kwenye simu ndani ya daladala ni kuzionea hizo za daladala.
- Bando la kutosha. Pakua sauti peke yake usiku au mahali penye Wi-Fi. Video inakula MB na inakuharibia hukumu, nitaeleza hapo chini.
- Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, lakini meseji zikiingia wakati wimbo unaendelea, sikio linahama.
- Mshika daftari, yaani mmoja wenu anayepokea nyimbo na kura. Raundi hiyo yeye hatumi wimbo wala hapigi kura, na raundi inayofuata anakuwa mwingine. Mkiwa kumi na mmoja, basi nyimbo ni kumi na wewe unaamua tisa, kwa kuwa wako huupi alama.
- Kanuni ya alama inayojulikana na wote kabla nyimbo hazijatumwa. Sisi tunatumia hii: kila jaji ana alama 20, lazima azigawe zote, na wimbo mmoja hauwezi kupata zaidi ya 5.

Kwa nini tusitoe alama kumi kwa kumi kama mtihani? Tulianza hivyo. Mmoja wetu ni mkarimu, akawa anatoa 9, 9, 8, 9. Mwingine ni mkali: 7, 3, 5, 2. Ukijumlisha, alama za mkarimu hazitofautishi chochote, na yule mkali ndiye anayemchagua mshindi karibu peke yake. Kura ya mmoja ikawa na nguvu ya kura tano. Mkiwa wengi zaidi mnaweza kufuata mtindo ambao Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, iliuanza mwaka 1975: 12 kwa wimbo unaoupenda kuliko zote, 10 kwa wa pili, halafu 8 kushuka mpaka 1. Kanuni yoyote inayompa kila jaji kiasi sawa cha kugawa inafaa.

Hatua ya 1: Soma mada, kisha amua unaisoma kwa upana gani

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hiyo usipite haraka.

Tuliwahi kuwa na mada ya neno moja: Safari. Zikaja nyimbo za mabasi, za meli, za mtu anayeondoka kijijini kwenda mjini. Halafu ukaja wimbo mmoja wa maombolezo. Hakuna barabara ndani yake wala mzigo, kuna mtu anamuaga marehemu. Majaji wawili waliupa sifuri, wakaandika kwamba uko nje ya mada. Kwa Mswahili yeyote aliyewahi kukaa msibani, kifo ni safari. Tunasema marehemu ametangulia na sisi tuko nyuma yake. Wimbo ule ulikuwa ndani kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kusikiliza, andika juu ya ukurasa maana mbili au tatu ambazo neno la mada linaweza kubeba. Ukiupata wimbo unaoleta maana ya nne ambayo hukuifikiria, hiyo ni sifa yake.

Mada za kipimo zina sheria nyingine. Mkisema "wimbo usiozidi dakika tatu" au "wimbo wenye tarumbeta", hapo hakuna upana wowote. Wa dakika tatu na sekunde kumi umevunja sharti. Wenye saksafoni bila tarumbeta umevunja sharti. Mwambie mshika daftari mapema ili mwenye wimbo apewe nafasi ya kuubadilisha, usingoje siku ya kura ndipo umwadhibu.

Hatua ya 2: Ficha kila kitu isipokuwa sauti

Geuza simu kifudifudi. Sifanyi mzaha. Ukiangalia video utaona nguo, magari, jiji linalong'aa, na idadi ya watazamaji imekaa pale chini. Wimbo wenye watazamaji milioni kumi unaingia masikioni ukiwa umeshashinda, na ule wenye mia nne unaingia ukiwa umeshashindwa. Maoni ya watu usiyasome kabisa.

Mshika daftari anasaidia hapa kwa kuipa kila sauti namba badala ya jina la aliyetuma, na kufuta maneno kama "huu jamani mtaupenda". Maneno hayo yanamtaja mtumaji kuliko sahihi.

Hatua ya 3: Sawazisha sauti

Wimbo uliorekodiwa juzi umebanwa ili uwe na kelele kubwa muda wote. Dansi nyingi za miaka ya 1970 zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na tunazozipata leo mara nyingi zimepitia kaseti ya mtu kabla ya kufika kwenye simu. Zinakuja na sauti ya chini na mkwaruzo. Sikio la binadamu likisikia sauti kubwa zaidi hulidhani ni jambo zuri zaidi. Usipolirekebisha hilo, wimbo mpya utaushinda wa zamani bila hata kuimba.

Cheza sekunde ishirini za kila wimbo mahali mwimbaji anapoimba, upandishe au ushushe mpaka sauti ya mwimbaji isikike sawa na ya wimbo uliotangulia. Andika kiasi ulichokipata kando ya namba. Kazi ya dakika tano.

Onyo: mkwaruzo wa kaseti si kosa la wimbo. Usiukate alama kwa sababu hiyo.

Hatua ya 4: Sikiliza mara ya kwanza, hadi mwisho, bila kalamu

Kosa kubwa kuliko yote ni kuruka mbele. Nalijua kwa sababu nimelifanya. Raundi yetu ya nne kulikuwa na taarabu moja ya dakika kumi na moja. Nilikuwa jikoni, chapati ziko motoni, nikasikiliza kama dakika mbili za fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi), nikapita kwenda wimbo unaofuata. Siku ya kura nikaandika: "Muziki mzuri ila hauna maneno." Mwimbaji alikuwa anaingia dakika ya tatu, na kuna beti sita. Aliyeutuma hakunijibu kitu kwenye kundi. Nilimpigia simu nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo naweka muda maalumu, nakaa kitako.

Kila aina ya muziki ina mahali inapofichua kilicho chake. Taarabu ya zamani inakuandaa kwa ala kabla ya kukupa neno. Dansi inaanza taratibu na kisa, halafu katikati inageuka, magita yanajibizana na watu wanainuka kwenye viti. Ukikata dakika ya pili umesikiliza nusu ya kwanza tu. Rumba ya Kongo ndivyo ilivyo na sebene lake. Wimbo wa sasa wa Bongo Fleva unaweza kukupa kiitikio ndani ya nusu dakika ya mwanzo.

Urefu wenyewe una historia. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu hivi. Ukumbini taarabu ile ile inaweza kwenda robo saa. Hivyo ufupi au urefu wa wimbo usiuhesabu kuwa sifa wala ila, isipokuwa mada imesema.

Mara hii ya kwanza usiandike. Kaa tu nao. Kati ya wimbo na wimbo, acha kimya cha nusu dakika.

Hatua ya 5: Sikiliza mara ya pili, umebadilisha mpangilio

Anza na wa mwisho. Mpangilio unaathiri hukumu hata ya majaji wazoefu. Mashindano ya muziki ya Malkia Elisabeth huko Ubelgiji hupanga zamu za wapigaji kwa bahati nasibu, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa waliopangiwa siku za mwisho walielekea kupata nafasi nzuri kuliko waliofungua pazia. Kama hao linawakuta, wewe uliyetoka kazini umechoka litakukuta.

Sasa shika kalamu. Kwa kila wimbo jibu maswali manne, mstari mmoja mmoja:

1. Unaijibu mada kwa njia gani?
2. Ni sekunde gani hasa iliyonikamata? Andika dakika yake.
3. Maneno yanasema nini, na yamepangwaje?
4. Ni wapi nilipotaka kuondoka?

Swali la pili ndilo la thamani. Ukikosa hata sekunde moja ya kuandika baada ya kusikiliza mara mbili, umeshajua wimbo huo uko wapi kwenye orodha yako. Na ukiandika dakika tatu tofauti, umejua pia.

Kwenye maneno, msikilize mtunzi kwa mizani ya fani yake. Mashairi ya taarabu yana vina na mizani, na fumbo ndiyo roho yake. Ukisema "haeleweki anamwimbia nani" umelalamikia chumvi kuwa ina ladha ya chumvi. Hip hop ipime kwa mistari, jinsi kina kinavyoangukia mahali usipotegemea. Benga lisikilize gita la solo linavyojibizana na mwimbaji, na besi inavyotembea chini yao. Singeli inaenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mtu aliyezoea rumba huiona ni fujo, lakini rudia ukimfuata mchanaji peke yake, utashangaa anavyopumua ndani ya kasi ile bila kudondosha silabi.

Muziki usiouzoea usiupime kwa ule uupendao. Uliza: miongoni mwa nyimbo za namna hii, huu umefanya kazi yake? Kama hujui, mwambie mshika daftari amuulize mtumaji mistari miwili ya maelezo na kuiweka kwa wote bila jina. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa nyimbo za Kilingala, Kiarabu, Kiluo au lugha yoyote ambayo wengi wetu hatuijui: mtumaji anatoa tafsiri fupi, mshika daftari anaipitisha.

Hatua ya 6: Lala nazo usiku mmoja

Usipige kura siku ile ile. Asubuhi, kabla hujafungua simu, tazama ni wimbo gani unaojirudia kichwani wakati unapiga mswaki. Andika namba yake. Lakini usiupe 5 kwa hilo peke yake, maana tangazo la sabuni nalo hujirudia kichwani. Ni ushahidi mmoja kati ya kadhaa.

Hatua ya 7: Panga kwanza, namba baadaye

Andika namba za nyimbo kwenye vikaratasi, vitandaze mezani. Chukua viwili, jiulize: nikiambiwa leo nisikilize mmoja tu kati ya hivi, ni upi? Unaoshinda unapanda juu. Endelea hivyo hadi upate mstari kutoka juu kwenda chini. Kulinganisha wawili wawili ni rahisi kuliko kuupa wimbo 7 au 8 ukiwa peke yake hewani.

Ndipo ugawe alama 20. Mgawanyo wangu wa raundi ya Safari ulikuwa hivi: 5, 4, 4, 3, 2, 1, 1, na nyimbo mbili zikabaki na sifuri. Ule wa maombolezo ulikuwa kwenye 5. Daftari langu linasomeka hivi kwa wimbo huo: "Mada: kifo kama safari, sikutegemea. Dk 1:52 waitikiaji wanaingia chini ya sauti ya mwimbaji, karibu wasisikike. Maneno: anamhesabia marehemu watu aliowaacha mmoja mmoja. Nilipotaka kuondoka: hakuna." Uliofuata, wimbo wa basi wenye magita mazuri mno, ulipata 4: "Dk 3:20 gita la pili linapoingia nilisimama. Ila ubeti wa tatu unarudia wa kwanza neno kwa neno, hapo nilipoa."

Makosa ya kuepuka hapa ni mawili. La kwanza ni kuzigawa alama kama pilau ya msibani, kila mtu 2 asinung'unike yeyote. Hapo hujaamua kitu, umewaachia wenzako kazi. La pili ni kumwaga 5 kwa nyimbo nne na kuziacha zilizobaki zote na sifuri, wakati mwenyewe uliandika mazuri ya tatu kati ya hizo.

Hatua ya 8: Andika sentensi kwa kila wimbo, hasa wenye sifuri

Kwetu hii ni sheria, na kama ningelazimika kubakiza sheria moja tu kwenye kundi ningeibakiza hii. Namba peke yake haimwambii mtu kwamba ulimsikiliza.

Maoni kama "Moto!", "Noma sana", "Hapana kwa kweli" au kijisura cha kucheka hayana faida kwa yeyote. Maoni yanayofaa yana kitu ulichokisikia kweli, mahali kilipo, na kilichokuzuia kwenda juu zaidi. Mfano wa wimbo uliopata sifuri: "Sauti ya mwimbaji ni nzuri na kibwagizo kinakaa. Nimeukosa uhusiano na mada nilivyojaribu, na ngoma zile zile zinarudi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nimezimaliza alama kwa nyimbo zilizonigusa zaidi." Mtu akiisoma hiyo hana cha kukulaumu, hata kama imemuuma.

Mseme wimbo, usimseme mtu. "Wimbo huu umenichosha katikati" ni hukumu. "Wewe siku zote unapenda vitu vya kizamani" ni ugomvi, tena ugomvi wenye jina. Na kumbuka umri: kwenye kundi letu yupo shangazi wa mmoja wetu, tunamwita Shangazi sote, na maneno anayoandikiwa kijana mwenzako hayaandikwi kwake hivyo hivyo. Ukweli unabaki ule ule, lugha inavaa heshima.

Hatua ya 9: Tuma kwa mshika daftari peke yake, kwa wakati

Kura zinakwenda inboksi, hazitumwi kundini. Kura ya kwanza ikionekana, inayofuata inaanza kuiegemea. Ukishatuma usibadilishe, hata ukisikia fununu kwamba wimbo fulani unaongoza. Kabla ya kutuma jumlisha: ni 20 kamili?

Ukikwama

*Nimeutambua wimbo ni wa nani.* Itatokea, hasa kwa rafiki wa miaka mingi. Usitamke. Urudie mara ya tatu huku ukijiuliza: ningeusikia kwenye daladala au matatu, ningemuuliza kondakta ni wimbo gani huo? Jibu hilo ndilo uliandike. Wengi huogopa kupendelea, lakini mimi nimeona zaidi kinyume chake, mtu anamnyima rafiki yake alama anazostahili ili aonekane mwadilifu. Hiyo pia ni dhuluma.

*Wimbo unanikumbusha jambo zito la maisha yangu.* Kama ulipigwa harusini kwako au wiki uliyofiwa, hisia zako ni za kweli ila hazitoki zote kwenye wimbo. Sikiliza maswali manne ya hatua ya 5 yanasemaje. Ukishindwa kabisa kutenganisha, upe alama zako na uandike wazi kwenye maoni kwamba wimbo huu una historia na wewe. Wenzako wataelewa.

*Nahisi wimbo umetumwa kama kijembe kwa mtu fulani kundini.* Hili linatokea kwenye nyimbo za mipasho, na Waswahili tunajuana. Usiulizie kundini "huu unamhusu nani?", utakuwa umewasha moto ambao pengine haukuwapo. Mwambie mshika daftari pembeni. Kama kweli kuna ugomvi, yeye anaongea na wawili hao nje ya shindano. Wewe toa alama kwa wimbo kama ulivyo. Mpasho uliotungwa vizuri ni utunzi mzuri.

*Wimbo una matusi, siwezi kuusikiliza nikiwa na watoto.* Tumia hedifoni. Kama huwezi kabisa kwa imani yako, mwambie mshika daftari kabla ya siku ya kura, naye anakuondolea wimbo huo bila kuhesabu sifuri: jumla ya alama ulizotoa zinabaki 20 na wimbo unahesabiwa wastani wa majaji waliobaki. Kura ya kususia kimya kimya inamwadhibu mtu asiyejua kosa lake.

*Nyimbo za dini zinapimwaje?* Kwaya ya kanisani na kaswida ni nyimbo, zina sauti, mpangilio na maneno. Pima hivyo. Alama haimpimi Mungu wala imani ya mtumaji, na asiye wa dini hiyo anaweza kabisa kusikia uzuri wa sauti nne zinavyokutana. Ramadhani sisi huahirisha raundi, kwa kuwa baadhi ya wenzetu huacha muziki mwezi huo. Kuendelea bila wao si shindano letu tena.

*Nyimbo mbili zimelingana.* Kwanza tazama upi umepewa alama na watu wengi zaidi: 12 zilizotoka kwa watu sita zinazidi 12 zilizotoka kwa watu watatu. Zikilingana tena, upi una 5 nyingi. Zikilingana tena, washindi ni wawili na mada inayofuata wanaichagua pamoja.

*Nadhani kuna watu wanabadilishana alama.* Dalili yake ni wawili kupeana 4 au 5 raundi tatu mfululizo huku wengine wote wakitoa 0 au 1 kwa nyimbo hizo. Usiwataje. Mshika daftari aongeze sheria kwamba kila 5 isindikizwe na sentensi mbili na dakika iliyomkamata jaji. Kwetu ilitosha: mmoja wao aliniletea "dk 4:10" kwenye wimbo wa dakika tatu na nusu, nikamrudishia kura yake inboksi, akasikiliza upya.

*Nimeusikiliza mara tatu na bado siupendi, na kila mtu anausifu.* Basi hauupendi. Andika sababu kwa adabu, toa alama yako, na uuache kwenye simu mwezi mmoja. Ninao mmoja wa namna hiyo, singeli ya raundi ya pili niliyoipa sifuri. Siku hizi naucheza nikifua.

*Nimechelewa kupiga kura.* Mshika daftari anangoja mpaka saa mbili usiku ya siku ya mwisho. Ukipita hapo, kura yako haihesabiwi, ila sentensi zako tuma hivyo hivyo. Waliotuma nyimbo bado wanazisubiri.